Pilipili Kumi na Saba

Kwetu Ndosho udongo hununuliwa.
Asubuhi Mumbere kaleta magunia matatu kwa chukudu,
udongo wa Sake, mweusi, una mizizi ya nyasi bado hai.
Kayatua mlangoni, kapangusa jasho, kauliza:
"Mama, utapanda nini juu ya majiwe?"
Nikamwambia: moto.
Akacheka, akadai nauli yake.
Moto ulishapita hapa zamani, ukachoka, ukalala,
ukawa sakafu ninayoilipia kodi kila mwezi.

Bibi yangu wa Kirotshe alikuwa na sharti.
Pilipili haipandwi kwa moyo mweupe.
Ukiipanda unacheka itakuzalia hoho,
nono, tamu, isiyo na habari na ulimi wa mtu.
Ipande umekunja uso. Kila mche utajie jina.

Basi jua lilipoegemea upande wa ziwa
nikashusha dirishani kopo la maziwa ya unga,
kopo nililolitoboa kitako kwa msumari,
miche imebanana humo kama watoto wa darasa la kwanza,
majani sita sita, shingo nyembamba.
Siku nne nimeizoeza jua, leo saa moja, kesho mbili.
Nikainywesha kwanza.
Mche mkavu hung'oka uchi,
mche uliokunywa huondoka na shuka lake.

Wa kwanza: Bashige,
aliyekopa dola ishirini za mtaji wangu wa sambaza
akahamia Minova bila kuaga hata mbwa.
Shimo la kidole kimoja. Kaa hapo.
Wa pili: yule wa kwenye robine
aliyenipita foleni na mabidoni saba.
Wa tatu: shemeji yangu, kwa maneno yake siku ya kilio.
Huyo nilimfukia hadi kidevuni,
kisha nikakumbuka shina litaoza, nikamwinua.
Wa nne na wa tano: mwenye nyumba, mara mbili,
maana bati linavuja mahali pawili.
Wa sita simtaji.
Alama ya buti lake nimeifagia miaka mitatu
na bado naikanyaga nikitoka.

Kati ya mmoja na mwenzake, shubiri mbili.
Hata hasira zikibanana hazizai.

Kufika wa kumi na mbili, hasira ikaanza kunipungukia.
Nikajikuna kichwa kwa kijiko, udongo ukaniingia nyweleni.
Nikamtaja mwalimu wa hesabu.
Nikataja bei ya makaa.
Nikaitaja mvua, nayo mvua haijanikosea kitu,
ila jana ilinyesha nikiwa nimeanika.

Nzigire wangu akaja na bidoni,
akaziba mdomo wake kwa kiganja
maji yapite vidoleni, polepole, yasiibomoe.
Alikuwa akihesabu pamoja nami kimya kimya, kumbe,
tulipofika kwenye ule wa mwisho, mdogo, umepinda,
akauliza: "Na huyu alikufanya nini?"
Nikaushika mche, nikautazama.
Bado, nikasema. Lakini tumwekee nafasi.

Tukazungusha majivu kwa ajili ya siafu.
Tukaifunika kwa vipande vya majani ya mgomba
vilivyosimamishwa kwa vijiti, vibanda kumi na saba,
kambi ndogo ya wakosefu nyuma ya jiko langu.
Mlimani wingu lilikuwa jekundu, kama kila usiku.

Asubuhi nilifunua.
Yote imeinamisha vichwa,
wadeni waliokuja kuomba radhi kwa pamoja.
Nikasimama na kikombe changu, nikaona aibu kidogo,
nikawapa maji wote, hata shemeji.

Jioni wakaanza kunyanyuka.
Wa sita ndiye aliyetangulia, wima, bila haya.
Kisha mwenye nyumba, upande mmoja.
Bashige peke yake bado amelala kwenye udongo wa Sake.
Nimemwongezea nusu kikombe,
nimemsogezea kivuli,
nimepiga magoti hapo nikimsemesha kwa sauti ya chini:
usithubutu kufa, wewe.
Dola ishirini ni dola ishirini.